Muulize Fundi: Vipande vitatu vya ramu vimegoma kutoka

SWALI: Shikamoo fundi. Natunza kompyuta za ghala la vifaa vya ujenzi hapa Ngamiani, Tanga. Tuna seva moja ya Linux yenye ramu ya GB 64, tumeigawa mashine pepe nne, yaani kompyuta za kuigiza ndani ya seva hiyohiyo, kwa programu ya KVM. Ya nyaraka ina GB 32, ya mauzo ina GB 12. Mwisho wa mwezi, mawakala wa Muheza, Korogwe na Pangani wakituma oda kwa pamoja, ya mauzo inakwama na ya nyaraka imekaa tu. Mwezi Machi niliiongezea ya nyaraka vipande vinne vya GB 4 bila kuizima, vikaingia vyote. Sasa nataka kuvitoa niipe ya mauzo. Kimetoka kimoja, vitatu vimegoma. Je, ramu imeharibika? Tajiri hataki nizime kitu mchana.
Msomaji, Ngamiani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ramu yako ni nzima, na amri hukuikosea. Sisi mafundi tunapofundishana kazi hii, tunafundishana kuongeza. Kuongeza hakuna kazi. Kazi iko kwenye kutoa, na hapo wengi tunaachwa tujifunzie kwa maumivu.

Angalia anwani zetu. Barua yako haiandikiwi nyumba, inaandikiwa S.L.P. Ukihama Chumbageni ukaenda Makorora, anayekuandikia hana habari, maana sanduku ni lilelile. Programu za kawaida zinaishi hivyo. Kila moja imepewa anwani za sanduku, na kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ndiyo inayoshika jedwali la kusema sanduku hili liko ukurasa gani wa ramu. Ukurasa mmoja kwa kawaida ni KB 4. Kerneli ikitaka kuuhamisha, inanakili yaliyomo, inabadilisha jedwali, na programu inaendelea bila kuhisi kitu. Lakini kerneli yenyewe, kwa mambo yake mengi, haipiti posta. Inakwenda moja kwa moja mpaka mlangoni kwa namba ya nyumba. Ukurasa wa namna hiyo hauhamishiki.

Sasa, Linux hutoa ramu kwa mafungu, na kwenye mashine nyingi za x86, yaani zenye prosesa za aina ya Intel na AMD, fungu moja ni MB 128. Humo mna kurasa 32,768. Ukurasa mmoja tu wa kerneli ukijibanza humo, fungu zima halitoki. Kipande chako cha GB 4 ni mafungu 32, na yote yanatakiwa yawe matupu ndipo kipande kiachiwe. Machi ulipoviingiza, kerneli iliviona ni ramu kama ramu nyingine, ikatawanya vitu vyake humo. Kimoja kilisalimika, nacho ndicho kilichotoka.

Dawa ya hili hutolewa siku ya kuingiza. Ramu mpya unaiwasha kwa neno online_movable, si online tu, na kerneli inajua kwamba humo iwekwe mizigo inayohamishika. Usifanye ramu yote hivyo. Kerneli ikikosa mahali pa vitu vyake, mashine itasongwa na ramu ipo.

Wala si tatizo la leo. Mwaka 1997 Sun Microsystems, kampuni ya kompyuta, walitoa Enterprise 10000, kabati lenye bodi 16 na hadi prosesa 64, ambamo uliweza kuchukua bodi nzima, na prosesa zake na ramu yake, ukaitoa mfumo huu ukaupa ule, yote yakiwaka. Nao walikutana na kurasa zisizohamishika. Ikabidi mfumo usimamishwe kidogo, kurasa hizo zinakiliwe bodi nyingine, kisha uendelee. Nikisoma habari za mashine ile hutamani ningeiona kwa macho.

Kwa hiyo mwisho wa mwezi huu achana na vipande, tumia puto. Hii ni programu ndogo ndani ya mashine pepe inayoiomba kerneli ramu kama programu nyingine yoyote, kisha inairudisha kwa seva. Puto halidai fungu zima. Linachukua kurasa mojamoja popote palipo wazi, ndiyo maana linafaulu pale vipande vinapogoma. Amri yake ni virsh setmem.

Ila nakuomba sana, lijaze polepole. Miaka ya nyuma, kwenye ofisi moja karibu na bandari, nilipunguza GB 8 kwa mkupuo saa tisa alasiri. Kanzidata, yaani programu inayotunza kumbukumbu za ofisi, ilikuwa imejitengea nafasi kubwa, mimi sikuuliza. Kerneli ikaishiwa, ikatafuta programu inayokula zaidi, ikaiua, nayo ilikuwa kanzidata hiyohiyo. Dakika arobaini watu wamesimama dirishani wananitazama mimi. Tangu siku hiyo natoa GB 1, naandika free -m, nasoma safu ya mwisho kulia, ile inayoonyesha kiasi kinachoweza kupatikana kweli. Usiitazame safu ya ramu tupu, kwa sababu Linux hujaza nafasi kwa nakala za mafaili na huziachia ikihitajika. Nikiona bado iko salama, ndipo natoa nyingine. Anza kabla ghala halijafunguliwa.

Upande wa mauzo kuna mambo mawili. Kwanza, mashine hiyo haipokei zaidi ya kikomo kilichoandikwa kwenye maelezo yake ilipowashwa. Kama kikomo ni GB 12, itabidi uizime mara moja usiku, ukiandike kikubwa zaidi. Pili, ramu ikiingia, kanzidata haijui. Kama kanzidata yako ni MySQL, tangu toleo la 5.7 hukubali kuongezewa innodb_buffer_pool_size, yaani ramu inayojitengea, ikiwa inafanya kazi. Kama ni PostgreSQL, yake inaitwa shared_buffers, na haikubali kuongezewa mpaka iwashwe upya, ingawa Linux itaitumia ramu mpya kuhifadhi nakala za mafaili yake, na hapo utaona nafuu.

Prosesa hazina usumbufu huu. Unaandika 0 kwenye faili la online la prosesa husika ndani ya /sys/devices/system/cpu, kazi zake zinahamia kwa wenzake, basi.

SWALI: Fundi, naweza kuchomoa ramu ya kompyuta mpakato ikiwa imewaka, nijaribu nyingine?
Msomaji, Pongwe

JIBU: Usithubutu. Haya niliyomweleza mwenzako yanawezekana kwa mashine pepe, au kwa seva zilizoundwa kwa kazi hiyo. Ubao wa kompyuta mpakato hauna njia ya kukata umeme wa kipande kimoja peke yake. Mfumo utaanguka papo hapo na unaweza kuunguza ramu na ubao pia. Zima, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache umeme uliobaki uishe, ndipo ufungue.