Umepangiwa Jiolojia? Ngoja Nikueleze Kisima Changu

Juzi binti mmoja wa Likoni aliniandikia. Amemaliza kidato cha nne, ameitwa chuo kikuu kusoma jiolojia, na kwao hakuna aliyepiga vigelegele. Mamake kamuuliza, "Miaka minne waenda kuangalia mawe?" Sasa anataka nimwambie: akubali, au aombe kuhamishiwa ualimu?

Ujumbe wake ulinikuta siku mbaya. Asubuhi ile mteja wangu alikuwa amenitumia video ya mbuzi wakinusa maji ya kisima na kugeuka. Mbuzi, wanaovumilia chumvi kuliko mimi na wewe. Na mahali pa kuchimba kisima kile nilipachagua mimi.

Nitafika huko. Kwanza nyumbani.

Nimezaliwa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, katika nyumba ya kuta za matumbawe na chokaa. Uani palikuwa na kisima, na bibi alikilinda kama mkufu wake wa dhahabu. Ndoo tatu, kisha unakiacha kipumue. "Ukikikamua kitakutolea chumvi." Sisi watoto tukiona ni uchoyo tu.

Chuo nilisomea Nairobi. Mwaka wa kwanza sina la kusema, ni kukariri madini na kushinda maabara. Mwaka wa pili ndio ulionivunja. Kulikuwa na somo la miundo ya miamba: mikunjo, mipasuko, na kupima kwa dira mwelekeo na mwinamo wa tabaka. Sikulielewa, na nikaona haya kuuliza. Tulipopelekwa Bonde la Ufa kwa mazoezi, nilikuwa nanakili namba za mwenzangu, tena nazinakili vibaya. Mhadhiri akachukua daftari langu akalisoma kwa sauti. Kwa vipimo vyangu, tabaka lililokuwa mbele ya macho ya kila mtu likiinamia kulia lilikuwa linainamia kushoto. "Nyinyi wa pwani mmezoea kulala chini ya mnazi," akasema. Darasa zima likaangua kicheko.

Mtihani nikapata 34, na kupita ni 40. Nikarudia. Miaka kumi na moja imepita, na bado naweza kukutajia nani alicheka na nani aliangalia chini.

Likizo ile ya Desemba nilirudi Mombasa na hasira zangu. Nikaanza kushuka ufukweni kila bahari ikipwa, chini ya Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga ngome ile mwaka 1593 juu ya mwamba wa matumbawe, na sehemu nyingine mwamba wenyewe umechongwa ukawa ukuta, hata hujui jabali laishia wapi. Nilibeba penseli, daftari na chupa ya siki niliyoiiba jikoni. Ukiparuza jiwe la chokaa kisha ukalidondoshea siki, linatoa povu. Nilichora kila nilichokiona. Mchoro wa kwanza ulifanana na mkate wa mofa.

Nikahamia majabali ya Mama Ngina, palepale kisiwani kando ya bahari. Matumbawe yale yalikuwa hai kiasi cha miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa mita kadhaa juu ya ilipo leo. Baadaye zama za barafu zikaivuta bahari chini kiasi cha mita 120, mito ikachimba mabonde yake, na maji yaliporudi yakayafunika. Kilindini, penye bandari yetu, ni bonde lililozama. Meli zote zile zinapita juu ya mto wa kale! Nilikuwa nimevuka na feri miaka yote bila kuambiwa na mtu.

Lakini mwinamo niliuelewa Mazeras, kwa ami yangu anayeuza yale mawe bapa ya kusakafia nyua. Yeye hajui dira. Alimwaga maji ya kopo juu ya tabaka, akasema, "Tazama yanakokimbilia." Ndiyo hiyo. Maji yanakokimbilia ndiko kwenye mwinamo, na mstari unaoikata njia hiyo kwa pembe mraba ndio mwelekeo. Mihadhara ya muhula mzima, kopo moja.

Mwaka wa tatu tukafika maji ya ardhini. Tukafundishwa kwamba karibu na bahari maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, huelea juu ya maji ya chumvi: kwa kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 chini yake. Ukivuta kwa pupa, chumvi inapanda. Mhadhiri (si yule) akauliza nani anaweza kueleza kwa nini. Nilisimama nikaeleza kisima cha bibi. Siku ile hakuna aliyecheka.

Kwa hiyo ushauri wangu, binti, ni kuchora. Usipige picha ukaridhika, simu haikufundishi kuona. Chora hata kama hujui kuchora. Uliza siku ileile usipoelewa. Na chora. Vijana wa leo mnataka programu ya kompyuta iwaonyeshe ardhi kabla hamjaikanyaga, kisha mnashangaa.

Nasema hivyo na mimi mwenyewe nimefanya vivyo hivyo. Mteja wangu wa mbuzi shamba lake liko Maji ya Chumvi, mbele ya Mariakani. Jina la mahali lenyewe linakwambia! Nilikwenda na mashine ya kupima ukinzani wa umeme ardhini, yaani ardhi inavyouzuia umeme kupita. Ukinzani ukawa mdogo kwenye kina kimoja, nikafurahi, nikaandika "maji". Lakini ukinzani mdogo waweza kuwa maji, waweza kuwa mawe ya tope, na waweza kuwa chumvi. Mzee mmoja mchungaji aliniambia visima vya upande ule havinyweki. Nilimwitikia kwa adabu, nikarudi kwenye skrini yangu. Sikuchora chochote siku ile.

Ajira? Sitakudanganya. Mgodi wa titani wa Kwale ulisimamisha uchimbaji mwishoni mwa 2024, na wenzangu kadhaa wako nyumbani. Kuna mvuke wa ardhini wa kuzalisha umeme kule Olkaria, kuna barabara na majengo, kuna visima. Watu pia watauliza utavaa nini porini. Mimi huvaa dera juu, suruali ndani, na buti.

Kubali nafasi. Nunua lenzi ya mkononi ya kukuza mara 10 kabla hujanunua godoro. Jumamosi bahari ikipwa nitakuwa chini ya Mama Ngina. Njoo na penseli, siki nitaleta mimi, na mamako akitaka naye aje.