Je, Ukweli Huwa Katikati?

SUALI: Assalamu alaykum, Mhariri. Katika darasa letu la jioni tumesoma vitabu viwili juu ya vita vya Palestina vya mwaka 1948. Kimoja kinasema kuwa Waarabu walihama kwa sababu viongozi wao wenyewe waliwaamuru kwa redio wayapishe majeshi, na cha pili kinasema kuwa walifukuzwa na Waisraeli kwa bunduki. Mwalimu alitusuluhisha kwa kusema kuwa ukweli uko katikati. Je, ndivyo wanahistoria wanavyofanya?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Wa alaykum salaam. Kwa heshima zote kwa mwalimu wako, sivyo. Mwanahistoria si sheha anayemaliza ugomvi wa mpaka wa konde kwa kuigawa nusu kwa nusu. Yeye huichukua kila kauli peke yake na kujiuliza: kama hili lilitokea, lingeacha alama gani, na alama hiyo iko wapi?

Tuanze na redio. Waingereza wakati ule walikuwa na idara iliyosikiliza matangazo ya Mashariki ya Kati na kuyaandika. Walid Khalidi, Mpalestina, na Erskine Childers wa Ireland, aliyechapisha makala yake mwaka 1961, waliyapekua maandishi hayo na hawakuiona amri ya jumla ya kuwataka watu wahame. Baadaye Benny Morris, Muisraeli aliyesoma nyaraka za nchi yake zilipofunguliwa, naye hakuiona. Kauli hiyo basi imeanguka, na hapana katikati ya kutafutwa.

Kauli ya pili nayo haipiti bila ya kukaguliwa, mji baada ya mji. Mjini Lydda, Julai 1948, iko amri iliyoandikwa ya kuwafukuza wakaazi, na aliyetia saini ni Yitzhak Rabin, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Alipoyasimulia hayo katika kumbukumbu zake, wakaguzi wa serikali waliyafuta. Haifa, mwezi wa Aprili, mambo yalikuwa mengine: baada ya mji kushambuliwa na soko kupigwa mizinga, meya Myahudi aliwasihi Waarabu wabaki, na wajumbe wao wakachagua kuondoka. Je, anayeondoka huku mizinga inalia ameondoka kwa hiari? Hapo nyaraka zinanyamaza, na mwanahistoria analazimika kupima mwenyewe.

Ndiyo maana Morris na mwenzake Ilan Pappé, waliosoma nyaraka nyingi zile zile, hawakukubaliana. Wote wanajua kuwa Wapalestina wapatao 700,000 walipoteza makwao. Morris anasema tatizo hilo lilizaliwa na vita na si na mpango, Pappé anasema mpango wa kuwafukuza ulikuwepo. Morris amelaumiwa pia kwa kuegemea mno karatasi za jeshi na kuyaacha masimulizi ya wakimbizi. Lawama hiyo sisi Wazanzibari tunaielewa upesi, kwani aliyesikia habari za Mapinduzi ya Januari 1964 katika baraza mbili tofauti anajua kuwa mengi hayamo katika majalada ya Nyaraka pale Kilimani. Kwa maoni yangu, mzee aliyeyaona anaaminika zaidi katika kueleza nani aligonga mlango na alichukua nini alipotoka, kuliko katika kuhesabu waliokufa mji mzima.

Lililobaki ni majina. Vita vile vile Muisraeli huviita Vita vya Uhuru, Mpalestina huviita Nakba, yaani balaa kuu, na hakuna jalada litakalomlazimisha yeyote kati yao abadilishe. Dan Bar-On, Muisraeli, na Sami Adwan, Mpalestina, waliwakusanya walimu wa pande zote mbili wakatunga kitabu cha skuli ambacho kila ukurasa umegawiwa safu tatu: upande mmoja simulizi ya Waisraeli, upande wa pili ya Wapalestina. Safu ya katikati waliiacha tupu, ili mwanafunzi aandike mwenyewe. Mwambieni mwalimu wenu awapigie mistari karatasi namna hiyo, na muanze na Haifa.