Lea (tabaka la ramani kwenye kompyuta) haikai juu ya picha ya setelaiti? Anza na datamu

Mkuu uliyeuliza kwanini poligoni (mchoro wa mipaka) ya shamba lako inaangukia kwa jirani ukiifungua juu ya picha ya setelaiti, afu ukataka kujua datamu na projekisheni ni mdudu gani, pole, hapo tumepita wengi.

Mimi nilitumwa kuchukua pointi za visima Morogoro vijijini, nikazunguka siku nne na pikipiki na GPS ya mkononi, nikarudi hoi nikazimwaga zile pointi juu ya shiti (karatasi ya ramani) ya zamani ya 1:50,000 tuliyoiskani. Visima vyote vimehamia kusini, kimoja kimevuka mto kabisa. Nikailaumu GPS, bosi akanilaumu mimi. Kumbe shiti imechorwa kwa datamu ya Arc 1960 na GPS inasoma datamu nyingine, WGS84.

Datamu ni makubaliano tu, kwamba dunia tuichukulie ina umbo gani na vipimo vianzie wapi. Makubaliano mawili, namba mbili tofauti za kisima kilekile, na kwa huku kwetu hizo mbili zinaachana kama mita 300. Kwenye shiti ile ni milimita 6 tu ndo maana unaweza usishtuke, ila kwa shamba la eka 2 ushaingia kwa watu.

Projekisheni ni ile hesabu ya kutoa nyuzi (digrii) za kwenye dunia ya mviringo na kuzifanya mita za kwenye karatasi. Sisi tunatumia sana UTM, dunia imekatwa zoni 60 za nyuzi 6 kila moja, na Bongo tumeangukia tatu: Kigoma mjini 35, Mwanza na Dodoma mjini 36, Moro na Dar 37. Yani ukipanda basi Dodoma ukashukia Msamvu, stendi ya Moro, ushabadili zoni. Na angalia herufi, N ni kaskazini na S ni kusini mwa ikweta, ukiweka 37N badala ya 37S pointi za Dar zinaenda kukaa karibu na ncha ya kaskazini kwenye barafu, nimeona mtu na diploma yake anafanya hivyo.

Sasa nahisi kosa lako liko hapa. Kwenye QGIS (programu ya ramani) kuiambia lea "wewe ni WGS84" hakubadilishi namba hata moja, ni kubandika lebo tu. Kama namba ni za Arc 1960 umeidanganya programu. Bandika kwanza lebo ya kweli, yani kodi ya EPSG: 21037 kwa Arc 1960 zoni 37S, ndo uiekspoti upya kwenda 32737 ambayo ni WGS84 zoni hiyohiyo, hapo ndo inakokotoa.

Na huyo aliyekutumia faili la lea, .shp, peke yake WhatsApp mwambie alete na .shx, .dbf na .prj. Ile .prj ndo inabeba lebo. Kama hana, jaribu lebo zote mbili, 21037 na 32737, uone ipi inakaa kwenye kona ya barabara, ukikwama tupia hapa koodineti za pointi moja na jina la wilaya.