Maswali na Majibu: DNA ni ile ile, mbona seli hazifanani?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nafundisha biolojia kidato cha sita hapa Nachingwea. Nilipowaambia wanafunzi kwamba seli zote za mwili zina DNA ile ile, mmoja akauliza: basi mbona jani la mkorosho si bibo? Mwingine, mwenye mdogo wake anayeugua selimundu, alitaka kujua kama kasoro ile ipo hata kwenye ngozi ya mtoto. Wa tatu alisoma kwamba binadamu ana jeni za kutengeneza protini zipatazo 20,000 tu, lakini aina za protini ni nyingi zaidi. Zinatoka wapi? Na je, lipo jaribio la kuwaonyesha bila maabara kubwa?

JIBU: Nzuri, Mwalimu. Wanafunzi wako wamegusa kiini cha somo lenyewe, kwa hiyo nitawajibu mmoja mmoja.

Kwanza mkorosho. Jani, bibo na ganda la korosho vyote ni mwili wa mti mama, na DNA yao ni moja. Hata hivyo ganda hutengeneza mafuta makali yanayobabua mikono ya wabanguaji, bibo hujaa maji na sukari, na jani hutengeneza klorofili. Ila mwambie asiiweke korosho yenyewe, ile tunayoila, kwenye orodha hiyo. Hiyo ni mtoto: nusu ya DNA yake imeletwa na chavua. Ndiyo maana mkulima anayetaka mkorosho unaofanana na mama yake hupanda mche uliobebeshwa badala ya mbegu. Jambo hili husahaulika sana madarasani, na huku kwetu kusini hakuna sababu ya kulisahau.

Sasa, seli kuwa na jeni ni jambo moja, kuitumia ni jambo jingine. DNA ya seli moja ya binadamu ikinyooshwa hufika karibu mita 2, na imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni ili ienee ndani ya kiini. Pale ilipokazwa sana haisomeki. Pale ilipolegea inaweza kusomwa na kunakiliwa kuwa RNA, yaani nakala inayobeba ujumbe wa kutengeneza protini, mradi seli iwe na protini zinazoshika mwanzo wa jeni husika na kuiwasha. Seli za beta za kongosho zinazo protini za kuwasha jeni ya insulini. Seli za jicho jeni hiyo zinayo, lakini haiwashwi. Mpangilio huu huanza tumboni mwa mama, seli zinapopokea ishara kutoka kwa jirani zake, na seli ikigawanyika huurithisha kwa seli zinazofuata.

Hapo jibu la mwanafunzi wa pili linakuja lenyewe. Ndiyo, kasoro ya selimundu ipo kwenye ngozi ya mtoto, kwenye ini na kwenye ubongo: herufi moja imebadilika katika jeni ya beta-globini, sehemu ya hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu. Ngozi haiitumii jeni hiyo, kwa hiyo seli za ngozi zenyewe haziharibiki. Inatumika ndani ya uboho, kwenye seli zinazokua kuwa seli nyekundu za damu. Viungo vingine huumia baadaye, damu inaposhindwa kupita vizuri kwenye mishipa midogo.

Tena kuna jambo linalonigusa sana katika ugonjwa huu. Mtoto huzaliwa akiwa bado na hemoglobini nyingi ya kichanga, inayotokana na jeni nyingine za gama-globini, nayo humkinga. Ndiyo maana dalili mara nyingi huchelewa miezi kadhaa. Baada ya kuzaliwa, protini iitwayo BCL11A huzizima jeni za gama. Protini hiyo inahitajika pia kwenye neva na kwenye seli za kinga, kwa hiyo huwezi kuiondoa mwili mzima. Watafiti waligundua kwamba DNA ina kipande cha kuiwasha BCL11A katika ukoo wa seli nyekundu peke yake. Tiba iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023, kisha Marekani Desemba mwaka huo, hukata kipande hicho kwenye seli za uboho za mgonjwa, na hemoglobini ya kichanga inarudi. Bei yake ni kubwa kupita kiasi, na wagonjwa wengi wanaoihitaji wako Afrika. Hilo halipaswi kuzoeleka. Haidroksiyurea, dawa ya kumeza, nayo huongeza hemoglobini ya kichanga, kwa hiyo mwanafunzi wako awahimize nyumbani waulize kliniki.

Swali la tatu linahusu kinachotokea baada ya jeni kunakiliwa. Mwaka 1977 makundi ya Phillip Sharp na Richard Roberts yalionyesha kwamba jeni inaweza kukatizwa na vipande visivyoingia kwenye ujumbe wa mwisho. Vinavyobaki huitwa eksoni, vinavyoondolewa ni introni. Wawili hao walipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1993. RNA mbichi hukatwa, introni zikatupwa, eksoni zikaungwa. Uungaji huo haufuati njia moja katika kila seli, na karibu jeni zote za binadamu zenye eksoni zaidi ya moja hutoa ujumbe wa aina mbili au zaidi.

Mfano ninaoupenda kuufundisha ni jeni ya kalsitonini, yenye eksoni sita. Kwenye seli fulani za tezi ya thairoidi huungwa 1-2-3-4, na inatoka kalsitonini, homoni inayoshusha kalisi kwenye damu. Kwenye neva, eksoni ya nne inarukwa, zinaungwa 1-2-3-5-6, na inatoka protini fupi inayotanua mishipa ya damu. Jeni ni moja, kazi hazihusiani kabisa. Waandikie namba hizo ubaoni, wataelewa mara moja.

Nani huamua? Protini zinazoshika RNA, na kila aina ya seli ina mchanganyiko wake. Protini ya PTBP1, kwa mfano, imejaa kwenye seli nyingi zisizo za neva na huzuia eksoni nyingi za neva zisiungwe. Seli ikianza kuwa neva, PTBP1 hupunguzwa, na eksoni hizo zinaingia.

Hili lina maana hata kwa wenzetu wa maabara. Ukitaka kusoma DNA, damu inatosha, au hata mate. (Kwenye damu DNA hutoka kwenye seli nyeupe, maana seli nyekundu zilizokomaa hazina kiini.) Ukitaka kujua jeni inavyotumika kwenye ubongo, RNA ya damu haitakupa jibu kamili. Kwa sababu hiyo mradi wa GTEx wa Marekani, unaochunguza jinsi jeni zinavyotumika kwenye tishu mbalimbali, ulikusanya sampuli za tishu 54 kutoka kwa watu 948 waliofariki.

Kwa jaribio, RNA iache. Huharibika upesi na inataka friza ya baridi kali. Nunua kuku mmoja. Kata ini na nyama ya kidari, vipande vya uzito sawa, uvioshe damu vizuri, kwa sababu damu nayo ina katalesi, protini inayovunja haidrojeni peroksaidi na kutoa povu, na itakuharibia matokeo. Weka kila kipande kwenye bilauri yake, mimina haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa, kiasi sawa. Ini litatoa povu jingi kuliko kidari, kwa kuwa seli za ini hutumia jeni ya katalesi kwa wingi zaidi. Fanya pia na vipande vilivyochemshwa: povu halitaonekana, na hapo wanafunzi watajua kwamba kinachofanya kazi ni protini. Wavae miwani ya kinga, na nyama hiyo isiliwe.