Jokofu moja, zahanati mbili: ya kujua kabla hujaingia kwenye ontolojia na grafu

Mwaka wangu wa pili kazini niliunganisha zahanati mbili bila kukusudia. Moja iko bondeni, nyingine mlimani, na kati yao ni nusu siku ya barabara mbaya. Asubuhi hiyo mfumo wetu wa vifaa vya chanjo ulizionyesha kuwa kituo kimoja chenye waganga wafawidhi wawili na orodha mbili za wahudumu. Mratibu wa chanjo wa wilaya akanipigia. Nilipomwamkia "Shikamoo mama", aliitikia haraka haraka, kisha akauliza: "Kijana, zahanati yangu nyingine mmeipeleka wapi?"

Nawaandikia ninyi mnaoanza sasa, kwa sababu kosa lile limenifundisha kuliko kozi zote nilizosoma.

Ilikuwa hivi. Katika ontolojia, yaani ule mkataba wetu wa maandishi unaosema vitu gani vipo na vinahusianaje, tulitangaza kwamba jokofu hukaa katika kituo kimoja tu. Tangazo la kawaida kabisa. Jokofu moja likahamishwa kutoka bondeni kwenda mlimani. Karani akaingiza kituo kipya, asifute kile cha zamani. Mimi nilitoka kwenye SQL, lugha ya hifadhidata za majedwali, nikategemea mfumo ungekataa: jokofu moja haliwezi kuwa mahali pawili, rekebisha. Injini ya uhitimishaji, yaani programu inayosoma ontolojia na data kisha ikatoa hitimisho, ikafikiri vingine. Jokofu liko mahali pamoja tu, na limeandikwa kuwa liko A na pia liko B, basi A na B ni mahali pamoja. Kimantiki haikukosea hata kidogo. Hakuna aliyewahi kuiambia kwamba zile zahanati ni mbili tofauti, na katika OWL, lugha tuliyoandikia ontolojia yetu, majina mawili yanaweza kuwa ya kitu kimoja mpaka useme wazi kuwa siyo.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa hiyo nikae hapa kidogo. Kwenye majedwali tuliyozoea, kisichoandikwa hakipo. Kwenye OWL, kisichoandikwa hakijulikani tu. Kadi ya kliniki ya mtoto ikiwa haina jina la baba, nesi hasemi mtoto huyu hana baba, anasema halijaandikwa. OWL inafikiri kama huyo nesi. Ukiiambia kila jokofu lina fundi, kisha ukaingiza jokofu lisilo na fundi, haitapiga kelele. Itaamini fundi yupo mahali fulani, ila bado haijamfahamu.

Kwa hiyo usitumie OWL kukagua fomu. Kazi hiyo ina chombo chake, SHACL, kilichopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2017. Humo unaandika umbo la data unayoitaka: jokofu liwe na namba ya mtengenezaji, liwe na kituo kimoja, tarehe isiwe ya mwaka ujao. Data isipotimiza umbo hilo unapewa ripoti inayotaja rekodi yenyewe na kosa lake. Baada ya simu ya yule mama, tulitangaza vituo vyote kuwa tofauti, tukaweka ukaguzi wa SHACL mlangoni, na kabla ya data yoyote kufika kwenye injini ilipaswa kupita hapo kwanza. Wiki ya kwanza mlango ulizuia rekodi nyingi kiasi kwamba bosi alidhani nimeharibu kitu.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana wengine wenu hata RDF, muundo wa kuandika data kama grafu, hamjaiona. Msiiogope. Mkikumbuka somo la uchanganuzi wa sentensi sekondari, mnayo tayari: kiima, kiarifu, shamirisho. Jokofu 0417 / limewekwa / zahanati 22. Zahanati 22 / ipo / wilaya 5. Kila habari ni sentensi fupi ya sehemu tatu, na shamirisho la sentensi moja linaweza kuwa kiima cha nyingine. Zikiunganishwa ndiyo grafu. Maswali yake huulizwa kwa lugha iitwayo SPARQL.

Angalia hizo namba katika mfano wangu. Sikuandika jina la zahanati, na sikusahau. Jina si kitambulisho. Majengo ipo Dodoma, ipo Moshi, ipo Mombasa, na ukifungua orodha ya vituo utawakuta akina Majengo, Mwenge na Kaloleni wamejaa. Tena jina hubadilika, huandikwa kwa kifupi, huandikwa na nafasi mbili katikati. Kipe kila kitu namba isiyo na maana yoyote, kisha jina liwe sifa tu. Wikidata hufanya hivyohivyo: kwao Tanzania ni Q924 na Kenya ni Q114, na nchi ikibadili jina kesho namba haitikisiki.

Majina nayo usiyadharau kwa sababu yamekosa kuwa kitambulisho. Nyaraka zetu ziliandika "jokofu". Vituoni kila mtu anasema "friji". Miezi mitatu watumiaji walilalamika kwamba utafutaji haufanyi kazi, na sisi ofisini tukijaribu unafanya kazi vizuri, kwa sababu sisi tulikuwa tunaandika jokofu! SKOS, kiwango cha kupanga misamiati, ina dawa rahisi: kila dhana inapewa jina kuu moja kwa kila lugha na majina mbadala mengi utakavyo. Tukaweka jokofu kama jina kuu la Kiswahili, friji na frigi yakawa mbadala, malalamiko yakaisha siku hiyohiyo. Ni kazi ya saa moja. Ila ili uyajue hayo maneno ni lazima ukakae stoo na mtunza stoo, daftari lake likiwa limefunguliwa mbele yenu, umwulize kila safu ina maana gani kwake. Mimi nilikwenda nikiwa nimeshachora ontolojia nzima yenye madaraja saba ya vifaa kwenye Protégé, programu ya kuchorea ontolojia. Yeye alikuwa na makundi mawili: vinavyofanya kazi, na vinavyosubiri fundi. Nilifuta mengi.

Basi, kabla ya kuchora chochote, andika maswali ambayo mfumo utatakiwa kujibu. Kumi yanatosha kuanzia. Letu kubwa lilikuwa hili: mtengenezaji akitangaza kwamba modeli fulani ina kasoro ya kompresa, majokofu yake yako wapi leo, yamepita wapi, na bechi zipi za chanjo zilikaa humo? Chanjo nyingi zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, kwa hiyo swali hilo si la kujifurahisha. Ukitazama, ni swali la kutembea: kutoka modeli kwenda jokofu, kutoka jokofu kwenda kituo, kurudi kwenye bechi, kwenda tena vituo vingine bechi hiyo ilikofika. Hapo grafu inastahili. Na kama maswali yako yote kumi ni ya "jumla ya", "wastani wa" na "orodha ya", nakushauri kwa moyo mweupe, baki na PostgreSQL yako, hifadhidata ya majedwali. Hata mti wa mkoa, wilaya na kata unasomeka humo kwa swali la kujirudia. Nimeona mradi uliohamia grafu kwa sababu neno lilikuwa la kisasa, na waliokuja kuulea waliteseka.

Neno "yamepita wapi" ndilo lililotutoa jasho zaidi, na hili ndilo ningependa mlibebe kuliko mengine. Muda. Anayeanza huchora mshale mmoja kutoka jokofu kwenda zahanati, na likihama anaufuta anachora mwingine. Historia imekwisha hapo. Sisi tuliishia kuutoa ule mshale kabisa, tukaweka katikati kitu kinachoitwa Uwekaji. Uwekaji una jokofu lake, kituo chake, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Ukitaka kujua liko wapi leo, tafuta Uwekaji usio na tarehe ya kuisha. Ukitaka yaliyopita, yote yapo. Na lile tangazo la "kituo kimoja tu" likahamia hapo: Uwekaji mmoja una kituo kimoja, jambo ambalo ni kweli siku zote.

Usidhani ni vifaa tu vinavyohama. Ardhi nayo huhama, kwa karatasi. Mwaka 2012 Tanzania ilipata mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, na mwaka 2016 Songwe ikakatwa kutoka Mbeya. Mbozi haikusogea hata hatua moja, lakini ripoti ya 2014 inaihesabu Mbeya na ya 2018 inaihesabu Songwe. Ukiwa na mshale mmoja usio na tarehe, Mbeya itaonekana kama iliporomoka ghafla na mtu atatakiwa kujieleza kikaoni. Vivyo hivyo zahanati ikipandishwa kuwa kituo cha afya: aina yake imebadilika, kitambulisho chake kibaki kilekile.

Kuhusu chombo gani uchague, sitakaa sana. Neo4j na wenzake, hifadhidata za grafu zenye sifa (property graph), ni wepesi kujifunza. Lugha yake, Cypher, unachora kabisa kile unachokitafuta:

(j:Jokofu)-[:LIPO_KATIKA]->(z:Zahanati)

Tena humo tarehe unaweza kuzitundika juu ya mshale wenyewe bila kuunda kitu cha katikati. Lugha ya kiwango cha kimataifa ya grafu za namna hii, GQL, ilitolewa na ISO mwaka 2024, na imerithi mengi kutoka Cypher. Upande wa RDF kuna Apache Jena, ya bure, na GraphDB. Kama data itabaki ndani ya ofisi yako, anza na Neo4j. Kama itabadilishana na taasisi nyingine ambazo zina misamiati yao, RDF itakulipa baadaye, ingawa mwanzoni utaichukia.

Na usitie kila kitu kwenye grafu. Kifaa cha kupima joto kinachorekodi kila dakika 10 kinatoa vipimo 144 kwa siku, 52,560 kwa mwaka. Majokofu 300 yatakupa zaidi ya milioni 15. Vipimo hivyo havina uhusiano wa kutembelea. Viweke kwenye jedwali, na kwenye grafu weka tukio tu: jokofu 0417 lilivuka nyuzi 8 kuanzia saa fulani hadi saa fulani.

Zoezi la kuanzia mwishoni mwa wiki: pakua Protégé, uingize ukoo wako. Ana-mama ikifuatiwa na ana-kaka, hitimisha ana-mjomba. OWL 2 inaruhusu kuunganisha mahusiano hivyo, na inafurahisha kuona injini ikikutajia wajomba ambao hukuwaandika. Shangazi naye atapatikana kwa njia hiyohiyo. Kisha ujaribu baba mkubwa na baba mdogo ukiwa umeandika miaka ya kuzaliwa pekee. Utakwama, kwa sababu OWL hailinganishi mwaka wa mtu mmoja na wa mwingine. Itabidi uchague: uandike mwenyewe nani ni kaka mkubwa wa nani, au ulinganisho huo uuachie SPARQL.