Pawa saplai ya "wati 600" kwa bei chee: soma kwanza ampea za volti 12

Mkuu, umesema una Dell OptiPlex 9020 ya mtumba, ile yenye kasha la wima, unataka kuiwekea kadi ya grafiki ya GTX 1660 Super, na Kariakoo umeonyeshwa pawa saplai (kifaa kinacholisha kompyuta umeme) ya "wati 600" yenye bei ndogo kuliko ya wati 450 yenye jina. Usitoe hela mpaka umeigeuza ubavu ukasoma jedwali la kwenye stika.

Tafuta safu ya +12V. Prosesa na kadi ya grafiki, vitu vinavyokula umeme kweli, vinalishwa na laini hiyo. Zidisha ampea zake kwa 12. Ukikuta 16A, hizo ni wati 192 tu, haijalishi kwa nje wameandika nini. Ya wati 450 ya kweli huwa na ampea 35 hivi hapo, yaani karibu nguvu yake yote. Zikiwepo safu mbili, 12V1 na 12V2, usizijumlishe: angalia wati za pamoja zilizoandikwa chini yake, maana kikomo ni hicho.

Sasa mahitaji yako. Kama prosesa ni i5-4590 ni wati 84, kadi ni 125, mazabodi (bodi kuu), ramu, diski na feni wape 50. Jumla ni kama 260. Kwa hiyo wati 450 halisi zinakutosha na nafasi inabaki. Ile ya Dell iliyomo ni ya wati 290 na haina waya wa pini 8 wa kadi. Dukani watakushauri uunge adapta kutoka Molex (plagi ya pini 4 ya diski za zamani), kataa. Molex ina pini moja tu ya volti 12 wakati plagi ya kadi ina tatu, hivyo mzigo wote unapita kwenye kipini kimoja, kinapata moto na plastiki inayeyuka.

Jambo linalowachoma wengi: mazabodi ya 9020 haina soketi ya kawaida ya pini 24, ina ya pini 8 ya Dell wenyewe. Inafanana na plagi ya pini 8 ya prosesa, lakini mpangilio ni tofauti kabisa. Ukilazimisha, bodi imekwenda. Nunua adapta ya pini 24 kwenda 8 iliyotajwa kwa ajili ya OptiPlex, si ya HP.

Ukiwa dukani, ishike mkononi. Nyepesi kama kasha tupu, irudishe. Soma maandishi madogo kwenye ganda la waya: 18AWG (AWG ni kipimo cha unene wa waya) ni sawa, 20 au 22 ni waya mwembamba, na namba ikipanda waya unapungua unene. Kisha mulika tochi ya simu kupitia matundu ya feni, upande wa tundu la umeme. Panatakiwa kuwe na koili na vikapasita (vihifadhi umeme vidogo) vya kuchuja umeme. Feki utaona nafasi tupu kwenye bodi, na penye koili pameunganishwa kipande cha waya mtupu. Yenye swichi nyekundu ya 115/230 ni muundo wa zamani. Ikiwashwa ikiwa 115 kwenye umeme wetu wa volti 230, italipuka hapohapo.

Kati ya mpya isiyo na jina na Corsair au Seasonic ya mtumba, mimi nachukua ya mtumba, mradi vikapasita havijavimba kichwani na haina harufu ya kuungua. Kama ni ya waya za kuchomoa, hakikisha inakuja na waya zake. Za kampuni nyingine zinaingia vizuri, lakini pini za upande wa pawa saplai hutofautiana, unaweza kupeleka volti 12 kwenye laini ya 5 ukaua diski.

Kuunganisha waya wa kijani na mweusi ili feni izunguke kunathibitisha tu kwamba inawaka. Pima ikiwa na mzigo: washa gemu nzito dakika 20, kisha weka mita ya kupimia volti kwenye plagi ya Molex iliyo wazi. Njano na nyeusi ibaki kati ya 11.4 na 12.6, nyekundu na nyeusi kati ya 4.75 na 5.25. Ikishuka chini ya hapo kadi inapofanya kazi, rudisha siku hiyohiyo. Usiifungue: kapasita kubwa ya ndani huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata ukishachomoa.

Na umeme wa Dar unavyokatika, wengi hulalamika kompyuta inajizima ingawa ina UPS (kifaa cha betri ya akiba). Mara nyingi UPS haina kosa. UPS nyingi za kawaida huchukua milisekunde 4 hadi 10 kuhamia kwenye betri. Pawa saplai nzuri hushikilia umeme milisekunde kama 16 ikiwa na mzigo kamili. Ya kuchakachua inaishiwa kabla UPS haijashika.

Kasha likikutekenya ukiligusa ukiwa peku, tatizo ni ethi (waya wa ardhini) ya nyumba au ya ekstensheni. Vikapasita vya kichujio huvujisha umeme kidogo kwenda kwenye bati, na bila ethi hauna pa kwenda. Mwite fundi umeme apime ethi ya soketi, usibadilishe pawa saplai bure.

Ukirudi dukani piga picha ya stika, iweke hapa kabla hujalipa, tuisome pamoja.