Miche ya sabuni kupasuka juu na kubaki laini

Dada wa Ujiji uliyeuliza kwa nini miche yako ya sabuni ya mawese imeharibika, pole. Miche kupasuka juu na kidole kuzama baada ya wiki mbili ni makosa mawili tofauti. Mpasuko ni joto: ulimimina mawese yangali moto, kisha ukayafunika blanketi kama mgonjwa wa malaria. Kwa joto hili la Kigoma! Acha mafuta na maji ya kostiki (soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) vipoe hadi ukigusa ndoo kwa nje usikie uvuguvugu tu, halafu funika kitambaa chepesi.

Ulaini naushuku upimaji wako wa kikombe. Tafuta mizani. Kilo 1 ya mawese inataka kostiki kama gramu 135 na maji gramu 270. Mafuta ya alizeti yakizidi kwenye mchanganyiko, sabuni hulainika hata hesabu ikiwa sawa. Na kostiki iliyokaa wazi dukani hunyonya unyevu ikapungua nguvu. Mimi iliniharibia ndoo nzima. (Kostiki ndiyo iingie kwenye maji, si kinyume chake, na sufuria ya alumini usiitumie.)

Miche hiyo usiitupe. Ipange kivulini penye upepo, ifikishe wiki 6 ndipo uihukumu.